Mvulana mwenye kilemba na paka aliyepotea: nichague vipi vitabu vya picha vyenye watoto wa kila jamii?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina watoto wawili, binti wa miaka minne na mdogo wake wa miezi saba. Nataka wakue wakijua kwamba dunia ina watu wa kila namna, kwa hiyo nimeanza kuwatafutia vitabu vya picha vyenye watoto wa rangi, dini na mataifa mbalimbali. Wiki iliyopita niliazima kimoja maktaba, cha mvulana anayemtafuta paka wake aliyepotea. Mvulana mwenyewe, Msikh, amevaa kilemba. Tulipofika ukurasa wa pili tu binti yangu akauliza, "Mama, ameumia kichwa? Mbona amefungwa bandeji?" Niliona aibu, nikamwambia si vizuri kusema hivyo, nikafunga kitabu tukachukua kingine. Rafiki yangu ananishauri niachane na haya mambo, eti watoto hawaoni tofauti, mimi ndiye ninayewafungua macho. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nichague vipi, maana vingi ninavyovikuta ni kama masomo ya darasani? Halafu ninacho kitabu cha utotoni mwangu ninachokipenda sana, ila nikikitazama leo kuna picha za watu wa jamii nyingine zilizochorwa kwa kejeli. Nikitupe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na bandeji, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu lako.

Binti yako aliona kitambaa kimezungushwa kichwani. Akapekua kumbukumbu zake za miaka minne, akakuta kitambaa cha namna hiyo amewahi kukiona mahali pamoja tu, kwa mtu aliyeumia. Akauliza. Hakumcheka yule mvulana wala hakusema anatisha. Alitaka kujua kama mtoto mwenzake ana maumivu. Huo ni usomaji makini na ni huruma kwa mpigo mmoja. Alichopata ni kitabu kufungwa. Aibu yako yeye hajui ilikotoka, kwa hiyo alichoondoka nacho ni kwamba yule mvulana ana jambo lisilosemwa mbele za watu. Sikulaumu hata kidogo. Nimewaona walimu wa miaka mingi wakifanya hivyohivyo, nami niliwahi kufanya. Lakini ujue kwamba kitabu ulichochagua kilikuwa kizuri, swali lilikuwa zuri, na kilichoharibika kinatengenezeka leo hii kabla hajalala. Nitarudi kwenye hilo.

Rafiki yako ana nia njema, ila hilo la watoto kutoona tofauti halina ukweli. Mtoto akizaliwa hachagui sura ya kutazama. Akifika miezi mitatu, watafiti wamegundua, macho yake hukaa zaidi kwenye nyuso zinazofanana na za watu wanaomlea. Hayo ni mazoea, wala hayana ubaya ndani yake. Kisha kati ya miezi sita na tisa linatokea jambo jingine: uwezo wa kumtofautisha mtu na mtu ndani ya jamii asiyoizoea unapungua, wote anaanza kuwaona kama wanafanana. Sasa sikiliza hili kwa ajili ya huyo mdogo wa miezi saba. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti ambao wazazi wa watoto wa Kizungu walipewa vitabu vya picha vyenye nyuso za Wachina, wakawa wanawaonyesha watoto wao dakika chache chache tangu miezi sita hadi tisa. Walipopimwa wakiwa na miezi tisa, watoto hao bado waliweza kutofautisha uso mmoja wa Kichina na mwingine. Wenzao waliokuwa wakionyeshwa nyuso za Kizungu walishindwa. Hawakukalishwa darasani. Walipakatwa, wakafunuliwa kurasa, basi.

Na upande wa wakubwa kidogo, kuna jaribio maarufu la miaka ya 1940 la wanasaikolojia wawili wa Marekani, mtu na mkewe, Kenneth na Mamie Clark. Waliwapa watoto weusi wa miaka mitatu hadi saba wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi ni mzuri na yupi ni mbaya. Wengi wao walisema mzuri ni yule mweupe. Hakuna aliyewahi kuwakalisha chini watoto wale akawafundisha hivyo. Waliyaokota wenyewe, kwenye picha, kwenye vitu vya kuchezea, kwenye nani anaonekana na nani haonekani. Kwa hiyo mwambie rafiki yako macho ya watoto yalikwisha funguka zamani. Kilicho mikononi mwako ni kuamua yatazame nini.

Sasa uchaguzi wenyewe. Watu wengi wakishika kitabu cha aina hii huuliza kinaonyesha jamii gani. Mimi huuliza swali moja kwanza: huyu mtoto wa kitabuni anataka nini?

Mvulana wako anataka paka wake. Hilo binti yako analielewa bila maelezo, kwa sababu naye amewahi kupoteza kitu akakitafuta hadi chini ya kitanda. Mtoto anayetaka kitu, anayehangaika, anayekosea njia, anayeogopa giza la uvungu na bado anaingiza mkono, huyo ni mtu, na msomaji mdogo atakwenda naye hadi ukurasa wa mwisho awe amevaa nini kichwani. Lakini vipo vitabu vingi ambavyo mtoto hataki kitu chochote. Yupo tu. Amesimama katikati ya ukurasa na nguo za sherehe, anatabasamu, na maandishi yanatueleza watu wake wanavaa nini, wanakula nini na wanasali vipi. Hiyo ndiyo ladha ya darasani uliyoihisi, na hisia yako haikukudanganya. Mtoto huyo amegeuzwa kielelezo.

Niliwahi kuletewa seti nzima ya namna hiyo, miaka yangu ya mwanzo nikifundisha chekechea. Vitabu vinane, nchi nane, karatasi nzito, rangi za kupendeza. Nilifurahi, nikavipanga mbele kabisa ya rafu. Tulivisoma vyote kwa muda wa wiki kadhaa. Siku moja mtoto mmoja, akiwa amelala kifudifudi na kidole chake juu ya msichana mwenye taji kubwa la shanga, aliniuliza: "Mwalimu, na akilala anakuwa nalo?" Nikarudi kuvipekua vyote vinane jioni ile. Hakuna kitabu hata kimoja ambacho mtoto alilala. Hakuna aliyelia, aliyegombania mdoli, aliyekataa kuoga, aliyemkwepa dada yake. Watoto wangu walikuwa wamejifunza mavazi manane, na hawakumjua mtoto hata mmoja. Tangu siku hiyo naanza na vitabu vya siku za kawaida: kuamka, kunyeshewa mvua, kungoja mtu arudi nyumbani, jino kung'oka. Vya sikukuu nimevibakiza, ila lazima ndani yake mtoto awe na shida yake mwenyewe. Kitabu cha mtoto anayeogopa kelele za fataki usiku wa sikukuu ya dini yake kinafaa. Kitabu cha sikukuu bila mtoto mwenye jambo, kiache dukani.

Ukishapata jibu la kwanza, fanya jambo jingine. Funika maandishi kwa kiganja chako, upitie picha peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hivyo ndivyo mwanao atakavyokisoma mara hamsini wewe ukiwa jikoni. Tazama mikono. Nani ameshika kamba, nani anafungua mlango, nani anaelekeza kidole njia ya kwenda, na nani amenyoosha mkono tu kupokea? Kuna vitabu ambavyo maneno yake ni ya urafiki mtupu, lakini ukiyafunika unaona mtoto wa rangi moja akiokoa na mwenzake wa rangi nyingine akiokolewa, ukurasa baada ya ukurasa. Wanaharakati wa Council on Interracial Books for Children, walioanza kazi yao Marekani mwaka 1965, walitoa baadaye mwongozo mfupi wa kupima vitabu, na jambo moja ndani yake silisahau: je, ili akubaliwe na wenzake, huyu mtoto ni lazima kwanza afanye jambo la ajabu? Awe bingwa wa mbio, au aokoe timu nzima? Utashangaa ni vitabu vingapi vinaanguka hapo. Mwenzake anapendwa kwa kuwepo tu, yeye anapendwa kwa kushinda. Mtoto mwenye ulemavu ndiye anayetendewa hivi zaidi, au anafanywa shujaa wa kuwatia moyo wengine, au ukurasa wa mwisho anapona, kana kwamba hadithi haiwezi kuisha vizuri yeye akiwa alivyo.

Kiti cha magurudumu, kwa kweli, ndicho kipimo changu cha haraka cha mchoraji. Mchoraji asiyejisumbua kuuliza huchora kile kiti kizito cha hospitali, kipana, chenye vishikio nyuma vya kusukumwa na mtu mwingine, na mtoto amewekwa ndani yake kama mzigo. Mchoraji aliyemtazama mtoto halisi anajua kwamba kiti cha kutumia kila siku, mtoto akijaliwa kupata kinachomfaa, ni kidogo, chepesi, kimetengenezwa kwa kipimo cha mwili wake, na mikono yake iko kwenye magurudumu. Picha hizo mbili zinasimulia hadithi mbili tofauti hata maneno yakiwa yaleyale.

Nyuso nazo zina lao. Chukua picha yenye watoto wengi pamoja, weka kidole juu ya kila uso mmoja mmoja. Ukikuta ni uso uleule, pua ileile, macho yaleyale, umepakwa kahawia hapa na waridi pale, mchoraji alikuwa anahesabu rangi. Watu weusi wana rangi nyingi na nywele za kila namna. Watu wa Asia ya Mashariki hawana macho ya mstari mmoja wa kalamu. Mama na mwanawe wanafanana lakini hawalingani. Mtazame pia aliye nyuma. Nchini Uingereza, kituo cha CLPE, kinachoshughulika na usomaji katika shule za msingi, kilipokagua vitabu vya watoto vilivyotoka mwaka 2017, kilikuta kwamba kati ya 9,115 ni 391 tu vilivyokuwa na mhusika wa jamii zisizo za Kizungu, yaani asilimia 4, na waliokuwa wahusika wakuu hawakuzidi asilimia 1. Maana yake wengi wa hao waliohesabiwa walikuwa wanapita tu, wako kwenye foleni, au wamekaa dawati la nyuma. Mchapishaji anaweza kuweka watoto sita wa rangi sita kwenye jalada na hadithi yote ikawa ya mmoja. Kwa hiyo jalada lisikuuzie kitabu, fungua katikati.

Utajiuliza, si bora vya wanyama basi, sungura na dubu, tuepuke shida hizi zote? Wanyama wanapendwa na nyumbani kwako wawepo. Ila usiwahesabu kama jibu la swali uliloniuliza. Wakutubi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, ambao wamekuwa wakihesabu vitabu hivi tangu mwaka 1985, walikuta kwamba katika vitabu vya mwaka 2018 wahusika wakuu walikuwa watoto wa Kizungu kwa asilimia 50, na wanyama na vitu kama magari kwa asilimia 27. Watoto weusi, wa Asia, wa Kilatino na wa jamii za asili za Marekani wote kwa pamoja hawakufika hiyo 27. Wanyama na magari walikuwa wengi kuliko wao. Tena kuna utafiti wa Toronto, Kanada, uliochapishwa mwaka 2017, watoto wa miaka minne hadi sita walisomewa hadithi ya kugawana vitu: waliosikia yenye wahusika binadamu waligawa stika zao zaidi baada ya hapo, waliosikia hadithi hiyohiyo ikiwa na wanyama waliovaa nguo, la. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, lakini unaafikiana na ninachokiona kila siku. Ukitaka mtoto ajifunze kuishi na watu, mwonyeshe watu.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili, na naomba ulichukulie kwa uzito. Usitafute kitabu kimoja kitakachobeba dunia nzima. Hakipo, na kinachojaribu kuwa hivyo ndicho kinachochosha. Kitu cha kukagua ni rafu. Siku moja watoto wakiwa wamelala, toa vitabu vyote vya nyumbani, vitandaze sakafuni, kila kimoja kikiwa kimefunuliwa katikati. Simama juu yake utazame. Usisome, tazama tu kama mtoto anavyotazama. Mwaka 1965 mwalimu na mwandishi wa Marekani, Nancy Larrick, alianza makala yake na swali la msichana mweusi wa miaka mitano, aliyekuwa akifunua kitabu cha picha katika shule ya awali jijini New York, akauliza kwa nini kila mara watoto ni weupe. Larrick akaenda kuhesabu. Katika vitabu 5,206 vilivyotolewa na wachapishaji kwa miaka mitatu, 1962 hadi 1964, vilivyokuwa na hata mtu mweusi mmoja vilikuwa 349. Mtoto wa miaka mitano alikwisha kulijua hilo bila kalamu wala karatasi. Binti yako naye anaijua rafu yako, niamini. Anajua nani hurudi kila usiku na nani alikuja mara moja akafungiwa kitabu.

Na ukiitazama hiyo sakafu, jitafute na wewe. Rudine Sims Bishop, profesa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Ohio State, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu huwa dirisha la kumwonea mwingine na huwa kioo cha kujionea mwenyewe. Watu hulinukuu hilo kila mahali, lakini mara nyingi wanachukua dirisha na kuacha kioo nyuma. Mtoto asiyewahi kujikuta kitabuni anajifunza kwamba hadithi ni za wenzake. Naye Bishop alionya pia upande wa pili: mtoto anayepewa vioo vitupu, anayejiona yeye tu kila ukurasa, naye anadhurika, maana anakua akijipa uzito asiostahili. Pima kwa watoto wako mwenyewe. Kwenye nyumba nyingine pengo ni dirisha, kwenye nyingine pengo ni kioo, na nimeona nyumba zenye vitabu vingi vya kuvutia ambamo mtoto mwenye sura ya nyumba ile, lugha ile, shangazi wa aina ile, hayumo hata kimoja. Hapo anza na kioo.

Kuhusu nani ameandika: soma maelezo ya mwandishi na ya mchoraji nyuma ya kitabu. Aliyekulia ndani ya jambo hujua vitu vidogo ambavyo mgeni hawezi kuvitunga, kama vile kilemba kinavyoning'inia kukauka baada ya kufuliwa, au bibi anavyokamata kidevu cha mtoto akimchana nywele. Lakini asili ya mwandishi peke yake haimfanyi kuwa msimuliaji mzuri, na mgeni aliyekaa, akauliza na kusikiliza, anaweza kuandika vizuri. Kama kwenye rafu yako hadithi zote za jamii fulani zimeandikwa na watu wa nje, hapo ndipo pana kasoro. Angalia pia mwaka wa kuchapishwa. Kitabu kinachosema "watu wa nchi ile wanaishi hivi" na kimetoka miaka sitini iliyopita kinazungumzia mababu wa watoto wa leo.

Lugha isikuzuie. Kama kitabu kizuri kiko kwa lugha ambayo mwanao haijui, simulia picha kwa Kiswahili. Kitabu cha picha kilichochorwa vizuri kinakubali kusimuliwa upya. Vipo pia visivyo na neno hata moja, na hivyo nawapendekezea sana wazazi, kwa sababu mtoto ndiye anayekuwa msimuliaji na utasikia moja kwa moja anachokiona. Mtandaoni, StoryWeaver, iliyoanzishwa mwaka 2015 na wachapishaji wa Pratham Books wa India, ina maelfu ya hadithi za picha za bure kwa lugha nyingi sana, na African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ina nyingi za Kiswahili. Kote kuwili unaruhusiwa kupakua, kuchapa na hata kutafsiri mwenyewe. Si zote ni nzuri. Zipime kwa kiganja kama nilivyosema. Ukiwa na mkutubi unayemwamini, mwulize orodha za IBBY, muungano wa kimataifa wa vitabu vya watoto. Kila miaka miwili matawi yake ya nchi mbalimbali huteua vitabu bora vya kwao, na ipo orodha ya pekee ya vitabu vya watoto wenye ulemavu. Aliyeanzisha muungano huo, Jella Lepman, alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, akarudi baada ya vita kwenye miji iliyobomoka, na mwaka 1946 akafanya maonyesho ya vitabu vya watoto kutoka nchi nyingine mjini Munich, kwa watoto ambao miaka yote walifundishwa kuzichukia nchi hizo. Watu walikuwa na njaa. Yeye aliomba vitabu, na nchi zilizotoka kupigwa vita zikavituma. Nikichoka na kazi hii humkumbuka yeye.

Kwa huyu wa miezi saba usihangaike na hadithi bado. Mtafutie vitabu vya karatasi ngumu vyenye picha za kamera za nyuso halisi, kubwa, za watu wa kila aina, wakicheka na wakilia. Atavitafuna. Mwache.

Turudi kwa dada yake. Mtoto akiuliza kitu kuhusu mtu wa kitabuni, jibu liwe fupi, liwe kweli, na limrudishe kwenye hadithi. "Hapana, hajaumia. Hicho kinaitwa kilemba. Watu wa dini yake, Wasikh, wengi hawakati nywele zao, wanazifunga vizuri halafu wanazungushia kitambaa. Hebu tazama, paka yuko wapi?" Basi. Usigeuze swali la sekunde tano kuwa mhadhara, maana hapo wewe ndiye utakayekuwa umekigeuza kitabu kuwa cha darasani. Akiuliza tena, ongeza kidogo. Akitaka kujua nywele zake zina urefu gani, jiulizeni pamoja. Usilolijua sema hulijui, mlitafute. Mtoto akiona mama anatafuta anajifunza kwamba watu wengine wanastahili kujuliwa sawasawa. Na siku akisema neno la kuumiza kweli, kwamba fulani ana sura mbaya kwa mfano, usimfokee wala usijifanye hukusikia. Mwulize ameona nini. Mara nyingi utakuta ni jambo geni tu lililokosa jina, na ukilipa jina linatulia. Neno likiwa la kuokota kwa watu, mwambie wazi kwamba sisi hatusemi hivyo, na umweleze kwa nini linauma.

Kitu kimoja kidogo ambacho wazazi wengi hukiruka: jifunze kutamka jina la mhusika kabla ya kuanza kusoma. Ukilitafuna jina, au ukacheka, au ukampa jipya ili uone wepesi, mwanao amesikia. Kesho atakaa darasani na mtoto mwenye jina kama hilo.

Kitabu chako cha utotoni usikitupe, ila kitoe kwenye rafu yao. Mtoto wa miaka minne hawezi kuitenga picha ya kejeli na penzi ulilonalo wewe kwa kitabu. Vyote vitamwingia pamoja, kwa sauti yako, akiwa amekuegemea. Kiweke kabatini hadi awe na miaka minane au tisa. Hapo utakaa naye, utamwonyesha ulichokipenda, halafu utamwonyesha picha ile na kumwuliza yeye anaonaje watu hao wangejisikiaje kujikuta wamechorwa hivyo. Usikibadilishe maneno kimyakimya ukidhani unakisafisha, kwa sababu picha zitabaki palepale na yeye atakuwa anazitazama.

Leo usiku rudini kwenye kitabu cha maktaba. Mwambie, "Ile siku uliniuliza swali zuri nikafunga kitabu. Sikukujibu. Ngoja nikujibu sasa." Mweleze habari ya kilemba kwa sentensi mbili tatu, kisha anzeni upya ukurasa wa kwanza. Mliishia wa pili, na paka bado hajapatikana.